Mshipa Umebana

Mke wangu alikuwa na ulimi. Ndivyo watu wa kwetu Nanganga walivyomsema, na hawakuwa wanamsengenya. Alikuwa kungwi, mwanamke anayewafunda wasichana wakati wa unyago, na kazi ya kungwi yote iko mdomoni: kuimba, kukemea, kutania, kutamka mambo ya aibu mbele za watu bila kuona aibu. Wasichana aliowafunda zamani sasa wana wajukuu, na wakikutana naye njiani walikuwa bado wanainamisha macho kwa kuhofia atawakumbushia jambo. Naandika "alikuwa" ingawa yuko hai. Amekaa hapo nje, kwenye jua la asubuhi, na akinihitaji anagonga kikombe.

Ilianzia shambani, msimu wa korosho. Tulikuwa tunaokota, mimi, yeye, na mdogo wake wa kiume, ambaye anaishi nasi tangu mkewe afariki. Mke wangu alikuwa ameketi anatenganisha korosho na mabibo, yale matunda yake laini, huku anatusimulia habari za mwanamke mmoja wa Mbwemkuru. Akanyamaza katikati ya habari. Mkono wake wa kulia ukafunguka na bibo likadondoka. Kisha akasema kitu ambacho hakikuwa Kimwera wala Kiswahili, maneno yaliyochanganyika kama nafaka mbili kwenye gunia moja.

Shemeji akacheka. "Dada, umeanza uraka bila sisi? Hayo mabibo hata hayajachacha!"

Uraka ni pombe ya mabibo, na mke wangu ni mtu wa swala tano. Alimtazama mdogo wake, akataka kumjibu, akashindwa. Kabla hatujajua la kufanya, maneno yakarudi. La kwanza alilolitamka sawasawa lilikuwa tusi. Tukacheka wote watatu, tukaendelea kuokota.

Siku chache baadaye ikaja tena, safari hii kwenye jicho la kushoto. Alisema ni kama mtu amelishushia kanga kutoka juu. Halafu kanga ikapanda yenyewe. Hakuna kilichouma. Kama kingeuma tungekwenda hospitali siku ile ile.

Aliyetaka kwenda ni yeye. Alinieleza akiwa anachochea moto, bila kunitazama.

"Mama yangu alikufa bubu. Alikaa mwaka mzima ananyoosha kidole tu. Mimi siwezi. Vingine vyote Mungu achukue, hiki mdomo aniachie."

"Nani atathubutu kukuchukulia mdomo?" nikamwambia.

"Usinichekeshe. Nataka twende Nachingwea."

Mji wa Ruangwa ungekuwa karibu zaidi, lakini yeye aliamini Nachingwea kwa sababu watoto wetu walizaliwa huko na wote wakakua. Tukaenda Nachingwea.

Hapa inabidi nieleze habari ya Kiswahili. Nyumbani kwetu tunazungumza Kimwera. Kiswahili cha mke wangu kilikuwa cha sokoni. Alikuwa anaweza kununua, kuuza na kugombana, lakini mambo yakifika ofisini alikuwa ananiachia mimi. Mimi nilisoma hadi kidato cha nne, na kwa umri wetu watu wa namna hiyo hatukuwa wengi. Nilikuwa karani wa chama cha msingi cha wakulima wa korosho. Bwana shamba akija, nesi wa chanjo akija, yeyote mwenye Kiswahili kirefu, aliletwa kwangu nimtafsirie kwa wazee. Nilipenda kazi hiyo kuliko ukarani wenyewe. Nilipofika kwenye neno nisilolijua vizuri sikuuliza. Nililiruka, au nikaweka lingine linalofanana nalo. Aliyezungumza hakujua Kimwera, waliosikiliza hawakujua Kiswahili, kwa hiyo hakukuwa na mtu wa kunigundua.

Daktari alikuwa binti, umri wa wajukuu zetu. "Shikamoo babu. Shikamoo bibi." Akampima presha, akasema iko juu. Akamwambia akaze ngumi, atabasamu, anyooshe mikono yote miwili mbele. Kisha akachukua kile chombo cha kusikilizia mapigo, akakiweka shingoni badala ya kifuani, chini kidogo ya taya, upande wa kushoto. Akafumba macho, akasikiliza kwa muda mrefu.

Mke wangu akaniuliza kwa Kimwera, "Huyu mtoto amesinzia?"

"Bibi anasemaje?" daktari akauliza.

"Anasema asante."

Daktari akatabasamu. "Sawa. Babu, naomba umweleze hivi. Mshipa wake wa shingo umebana. Yale yaliyomtokea ni onyo, asiyapuuze. Inatakiwa apigwe utrasaundi ya shingo tuone umebana kiasi gani. Mtaalamu wa mishipa huja kwa zamu, atafika wiki ijayo. Kwa sasa nampa dawa za presha na nyingine za kulainisha damu, azinywe kila siku. Umenielewa, babu?"

"Nimeelewa."

"Una swali?"

"Sina."

Nimezirudia sentensi zile mara nyingi. Binti yule alizungumza Kiswahili safi na hakuharakisha. Tatizo lilikuwa kwenye neno mshipa, na mimi nililijua tatizo hilo kabla yake. Bomba linalopitisha damu tunaliita mshipa. Kano inayokaza ukijitwisha ndoo ni mshipa. Neva inayopiga kama umeme ni mshipa. Mwanamume akisema ana mshipa, huku kwetu watu hutazama suruali yake. Na maneno "mshipa umebana" nimeyasikia tangu utotoni. Mbeba magunia akiamka shingo haigeuki, husemwa mshipa umebana. Hulazwa kwenye mkeka, hupakwa mafuta, hukandwa mpaka ulegee.

Daktari alisema damu. Alisema kulainisha damu. Nilipogeuka kumweleza mke wangu kwa Kimwera nilikuwa na maneno mawili ya kuchagua, na nikachagua la ile kano ya kujitwishia ndoo. Kwenye dawa nikasema ni za kulainisha, basi. Damu niliiacha nje, kwa kuwa sikuona inahusika vipi na shingo.

Mke wangu alicheka, nikaona mabega yake yanashuka. "Sasa si angesema hivyo tangu mwanzo? Mimi nilidhani ni ugonjwa wa mama. Mshipa si unakandwa?"

"Unakandwa," nikasema.

Nilimkanda mwenyewe. Kila alasiri, baada ya kuswali, alilala kwenye mkeka nyuma ya nyumba, kichwa chake kwenye paja langu. Nilipasha moto mafuta ya ufuta kidogo, nikapaka chini ya taya pale pale daktari alipokuwa anasikiliza, nikabonyeza kwa vidole gumba na kuvuta kuelekea begani. Kuna kitu kilikuwa kinapiga chini ya kidole.

"Unapiga," nikamwambia.

"Ndiyo unalegea huo. Kaza."

Shemeji alipita na jembe begani, akasimama. "Shemeji, huo ni mkando au unatafuta pa kuchinjia?"

"Muache," mke wangu akasema, macho amefumba. "Tangu anioe hajawahi kunishika shingo. Alikuwa anajua kushika kalamu tu. Pita na jembe lako, ukaoe na wewe."

Zile alasiri zilikuwa nzuri. Sina namna nyingine ya kuzieleza. Dawa pia alikuwa anakunywa, sikumnyima dawa.

Asubuhi moja, kabla ya wiki ile kwisha, alitoka kutawadha akakaa kwenye kizingiti. Nikamsemesha. Hakujibu, nikadhani amenuna. Alipogeuka, upande wa kulia wa uso ulikuwa umeshuka, na mkono wa kulia umelala mapajani, kiganja juu. Alifungua mdomo. Pumzi ilitoka, na sauti ilitoka, lakini hapakuwa na neno ndani yake. Alijaribu tena. Aliniangalia kama vile mimi ndiye ninayemficha lile neno.

Shemeji hakutania. Alikimbia kutafuta gari.

Kuhusu njia sikumbuki mengi. Nakumbuka nilikuwa nimemshika yule mkono wa kulia, na ulikuwa mzito na wa vuguvugu. Sikulia, na hata baadaye sikulia. Watoto wetu walipiga simu kutoka Dar, nikawajibu vizuri, nikawauliza habari za wajukuu.

Alilazwa Nachingwea. Mtaalamu wa mishipa alipofika tulimsukuma mke wangu kwenye kiti cha magurudumu hadi chumba cha utrasaundi. Benchi la nje lilikuwa limejaa wanawake wajawazito, maana kwetu utrasaundi inajulikana kwa kazi hiyo moja. Mmoja, msichana mwenye tumbo kubwa, akasema kwa furaha, "Heh, bibi, hata wewe? Babu bado anaweza!" Wote wakacheka, na hawakuwa na ubaya. Nilimtazama mke wangu. Siku nyingine yoyote angewajibu jibu ambalo wangekwenda nalo hadi chumba cha kujifungulia. Alifungua mdomo, udenda ukashuka. Yule msichana akashika kinywa chake. "Samahani, bibi," akasema. "Samahani, babu."

Mtaalamu alikuwa mwanamume mnene wa makamo, mchangamfu. Kitu cha kwanza alichouliza ni kabila. Nikamwambia sisi ni Wamwera.

"Eeh! Mimi Mngoni. Babu zangu waliwakimbiza babu zenu porini, leo mmejileta wenyewe bila kukimbizwa."

Wangoni ni watani zetu, na mtani ana ruhusa hata msibani. Nikamjibu inavyotakiwa. "Mngoni akiwa na mashine, kwanza tuulize kaiiba wapi."

Akacheka sana, huku anampaka mke wangu jeli shingoni. Mke wangu alishtuka kwa ubaridi. Kisha mtaalamu akaweka kichwa cha ile mashine, kidogo, cha kujaa kiganjani, akaanza na upande wa kulia. Kwenye kioo palionekana ukungu wa kijivu, na katikati yake mistari miwili iliyokwenda sambamba, nafasi nyeusi kati yake. Akabonyeza mahali, nafasi ile ikajaa rangi nyekundu.

"Hiyo nyekundu ni damu nzuri?" nikauliza.

"Hapana, mtani. Rangi inanionyesha damu inaelekea wapi tu. Hii inapanda kichwani." Akafungulia sauti. Ilitoka sauti nzito, yenye pumzi, inakuja na kuondoka. "Mnasikia? Bomba liko wazi. Limezeeka kidogo, kama mwenyewe."

Akahamia kushoto. Kile kichwa kikateleza. Akafuta, kikateleza tena. "Bibi amepaka nini hapa?"

"Mafuta ya ufuta," nikasema.

"Wamwera bwana! Mmeanza kujikaanga wenyewe, hamtusubiri."

Akapaka jeli upya, akaweka. Ile sauti nzito ilikuwepo chini, karibu na bega. Alivyokuwa anapandisha kuelekea taya ikaanza kuwa nyembamba, ikawa juu, kali, kama bomba la kupulizia mikorosho dawa wakati uchafu umekwama kwenye tundu na dawa inayopenya inafoka. Kwenye kioo, rangi nyekundu iliyokuwa pana ilibanwa ikawa uzi, na penye uzi palikuwa na vipande vya njano na buluu vinavyorukaruka.

"Damu ikifika mahali pembamba inakimbia," alisema taratibu, kama anajisemea. "Mimi napima inavyokimbia."

Alirudia pale pale. Alibonyeza, akapima, akarudia. Alikuwa ameacha kunitania, na kwa hilo nikajua kabla hajasema.

"Mzee," akasema. Hakusema mtani. "Hii shingo mmeikanda?"

Mke wangu alikuwa anatazama dari. Shemeji alisimama mlangoni. Ningeweza kusema hapana. Mtu pekee ambaye angenipinga kwa sauti hakuwa na sauti, na shemeji asingenisema mbele ya mgeni.

"Nimeikanda mimi," nikasema. "Kwa vidole gumba. Hapo hapo ulipoweka."

"Nani aliwaambia mkande?"

"Tuliambiwa mshipa umebana."

Alinyoosha kidole kwenye kioo. "Umebana kwa ndani, mzee. Hili ni bomba la damu. Ndani yake mafuta yamejijenga ukutani, mwaka kwa mwaka, mpaka njia imekuwa nyembamba. Hakuna cha kulegeza kwa mkono. Na tazama hapa, hiki kinavyotikisika kila damu ikipiga. Ni laini. Kikimeguka, kipande kinapanda na damu."

"Kinapanda wapi?"

Akamgusa mke wangu kichwani, juu ya sikio la kushoto, kwa ncha ya kidole.

"Ni mimi niliyekimegua?"

"Siwezi kujua. Kinaweza kumeguka chenyewe, mtu amelala usingizi. Siwezi kukuambia ni vidole vyako, na siwezi kukuambia si vidole vyako."

Tuliporudi kwa yule binti daktari nikamuuliza swali lile lile, naye alinijibu hivyo hivyo. Kisha akaongeza, "Ningekwambia msiiguse. Sikuwaza kabisa." Nikamwambia kosa si lake, aliniuliza kama nina swali. Alitazama chini. Nilitaka anikemee, lakini alinitafutia kiti.

Akatueleza lililobaki. Ile sehemu nyembamba bado ilikuwa na mafuta ya kumeguka, na yakimeguka tena tungepoteza zaidi ya tulichopoteza. Kulikuwa na upasuaji wa kuufungua mshipa na kuusafisha, lakini ni Dar es Salaam, na kwanza bibi apate nguvu. Tukarudi nyumbani kungoja. Shingo yake nilikuwa naiosha kwa kitambaa, nikifika upande wa kushoto nagusa juu juu tu kama mtu anayepangusa yai.

Maneno machache yakarudi. Maji. Hapana. Lile tusi alilomtukana mdogo wake shambani, ambalo lilirudi zima kabisa na lilimfanya shemeji atoke nje akasimame nyuma ya choo. Yote yalikuwa ya Kimwera. Kiswahili chake cha sokoni kiliondoka chote. Watoto walipompigia, wajukuu wakamwamkia kwa Kiswahili, aliitazama simu kisha akanitazama mimi. Msimu wa unyago ulipofika walikuja wanawake wawili kumjulia hali, na hawakutaja kilichowaleta. Msichana wao alifundwa na mtu mwingine.

Kabla ya safari ya Dar, daktari alitaka shingo ipimwe tena. Mtaalamu alikuwa yule yule. Hakuuliza kabila. Alipima kulia, ile sauti nzito ikatoka. Alipoweka kushoto, akapandisha hadi chini ya taya, hapakutoka sauti yoyote. Mistari miwili ilikuwepo kwenye kioo, na kati yake ukungu wa kijivu. Alibonyeza ile rangi. Haikuja.

"Umeziba," alisema.

Wakati huu niliuliza. Nikauliza kuziba maana yake nini, kabisa au kiasi. Kabisa. Nikauliza kama ni damu imeganda au ni yale mafuta. Vyote viwili. Nikauliza Dar wataufungua vipi. Hawataufungua. Ukishaziba hivi, kuufungua kuna hatari kuliko kuuacha, na daktari atatuambia tusisafiri. Nikauliza kuna nini cha kumeguka sasa. Pale, hakuna, kwa sababu hakuna damu inayopita ya kubeba kipande. Ule wa kulia sasa unalisha pande zote mbili, ndio wa kuutunza, na dawa asiache. Nikauliza habari ya maneno. Alifuta jeli kwenye mashine yake polepole. Yatakayorudi yatakuwa yamerudi ndani ya miezi hii, alisema, na mengine hayatarudi. Nikamwomba anichoree, akanichorea shingo na mabomba yake mawili nyuma ya karatasi. Nadhani nilimchosha. Nikauliza mpaka nikakosa la kuuliza.

Tulikaa kwenye benchi la nje, mimi na mke wangu. Shemeji alikwenda kutafuta usafiri. Nikamweleza kwa Kimwera, polepole, neno kwa neno, na safari hii nilisema damu. Nilisema bomba, nikamwonyesha mchoro. Nikamwambia hatuendi Dar, na mdomo wake utabaki ulivyo. Alikuwa ananitazama kinywani.

Nikamwambia pia lile ambalo hakuna daktari aliyenituma. Kwamba siku ya kwanza hakuna aliyesema akandwe. Kwamba lile neno nilimpa mimi, nililitoa kichwani mwangu, na sikuuliza kwa sababu sikutaka binti mdogo aone sijui. Nilisema yote bila kusimama. Sauti yangu ilikuwa ya kawaida, kama nasoma tangazo la chama.

Kisha midomo yake ikaanza kuhangaika, nikaona neno linakuja kutoka mbali, nikangoja.

"Njaa," akasema.

Nikainuka haraka, nikavuka barabara, nikanunua chai na maandazi, nikarudi navyo. Nikamkatia andazi vipande vidogo, nikampulizia chai. Alivitazama. Akavisukuma pembeni kwa mkono wa kushoto, akatikisa kichwa, akafungua mdomo tena. Basi neno alilotaka halikuwa hilo. Nikaweka kikombe chini, nikakaa karibu naye zaidi, nikangoja alitafute.